Uzi maalumu: Darrelle Revis, beki aliyelipwa mamilioni ili mpira usije upande wake

Foklifti wa Jersey

Wakuu, salaam. Uzi huu nilimwahidi Chapati Mbili kwenye ule mjadala wa mabeki bora wa dunia, aliposema mpira wa Kimarekani hauna mabeki, una mabaunsa. Haya, vuta kiti. Utakuwa mrefu na nitaushusha vipande vipande kwa sababu niko zamu ya usiku. Mods, naomba msiuunganishe na ule wa Super Bowl, fainali ya ligi yao. Huu ni wa mtu mmoja.

Kati ya 2008 na 2013 nilikuwa New Jersey, naendesha foklifti kwenye ghala la mizigo. Kulikuwa na mzee mmoja, Mmarekani mweusi, tuliyekuwa tunapokezana zamu, shabiki wa New York Jets wa kufa na kuzikana. Jets kwa wasiowajua ni timu ya mateso. Super Bowl wamechukua mara moja tu, ya msimu wa 1968, na mashabiki wao wamekuwa wakiisimulia mpaka leo kama watu wanaosimulia mali ya babu iliyouzwa.

Jumapili ya tarehe 3 Januari 2010 mwanawe aliugua, tikiti ikabaki, akanipa mimi. Jets dhidi ya Cincinnati Bengals, mechi ya usiku, mechi ya mwisho kabisa kuchezwa Giants Stadium kabla hawajaubomoa. Tulikaa jukwaa la juu, kule ambako ukiinua mkono unagusa mawingu. Baridi na upepo vilikuwa vya kukutoa machozi. Kahawa niliyonunua chini ilifika juu imeshakuwa maji. Mimi wakati huo nilikuwa nautazama huu mchezo kama wengi wenu, naufuata mpira tu. Mzee akanigonga begani akaniambia, "Leo mpira achana nao. Muangalie yule 24."

Nikamuangalia. Huyo 24 ndiye Darrelle Revis, konabeki wa Jets. Bengals walikuwa na mpokeaji wao nyota, Chad Ochocinco, mtu wa mbwembwe aliyebadilisha jina la ukoo kisheria ili lifanane na namba ya jezi yake, 85 (ocho cinco ni nane tano kwa Kihispania). Ochocinco akisimama kulia, 24 yuko mbele yake. Akihamia kushoto, 24 anavuka uwanja mzima anamfuata, taratibu, bila haraka, kama mdai wa kikoba aliyeshaijua nyumba. Mpira ukirushwa unakwenda kwingine. Jets walishinda 37-0 na Ochocinco hakudaka hata pasi moja. Sifuri.

Aliyekuwa nyumbani anatazama kwenye runinga hakuyaona haya. Kamera inaufuata mpira, na mpira ulikuwa hauendi kule. Ilibidi uwe juu, kwenye baridi, ndiyo uone watu wawili wanakimbizana pembeni mwa uwanja kwenye mchezo wao peke yao. Magazeti ya New York yalikuwa yameshalipa jina hilo eneo: Kisiwa cha Revis. Ukitupwa kule, hakuna boti ya kukuleta.

Narudi baadaye na alikotoka.

Mama Junior

Mkuu asante, lakini sisi wengine tupe darasa kwanza. Huyo konabeki kazi yake hasa nini? Ni beki wa pembeni kama wa soka?

Foklifti wa Jersey

Dada, ni beki wa pembeni ambaye hapandi. Fikiria hivi. Timu zina watu 11 kila upande. Kwotabeki ndiye mpiga pasi, anasimama nyuma, na kule pembeni ana wapokeaji wanaokimbia kwenda kudaka. Konabeki ndiye anayemkaba mpokeaji. Tatizo ni kwamba mpokeaji anajua anakokwenda na beki hajui. Mpokeaji anakimbia mbele. Beki anaanza kwa kurudi kinyumenyume, kisha ageuze kiuno kwa kasi ileile. Ukigeuka upande usio wenyewe, hata kwa nusu sekunde, umekwisha, na watu 80,000 wanaona namba yako mgongoni ukimkimbiza mtu ambaye humpati.

Halafu sheria zote zinamlinda mpokeaji. Unaruhusiwa kumsukuma ndani ya yadi 5 za mwanzo tu, tangu pale mpira unapowekwa. Zikishapita hizo, ukimgusa vibaya ni faulo. Kwa hiyo Revis alikuwa anamaliza kazi ndani ya zile yadi 5. Anamsimamia usoni, anamtia mkono kifuani, anambana kuelekea mstari wa pembeni mpaka mstari unakuwa beki wa pili. Hakuwa mwenye mbio kuliko wote wala mrefu. Alikuwa na miguu midogomidogo isiyopoteza hatua, na kifua.

Chapati Mbili

Kwa hiyo bado ni baunsa. Endelea.

Foklifti wa Jersey

Tuje kwao. Aliquippa, Pennsylvania, mji mdogo kando ya mto Ohio, kaskazini-magharibi ya Pittsburgh. Mji huo ulijengwa na chuma. Kampuni ya Jones & Laughlin ilikuwa na kiwanda kilichonyooka kandokando ya mto kwa kilomita kadhaa, na watu walitoka kusini mwa Marekani na Ulaya kuja kufanya kazi pale. Miaka ya themanini kiwanda kikaporomoka. Revis kazaliwa tarehe 14 Julai 1985, yaani kazaliwa wakati milango inafungwa. Leo mji hauna hata watu 10,000.

Lakini mji huohuo umetoa Mike Ditka, umemlea Tony Dorsett, umemtoa Ty Law. Wote wako kwenye Jumba la Heshima la mchezo huo kule Canton, Ohio. Mji wenye watu wa kujaza uwanja mmoja wa mkoa!

Huyu Ty Law mshikeni, kwa sababu naye ni konabeki. Januari 2004, akiwa New England Patriots, alinasa pasi 3 za Peyton Manning, kwotabeki wa Indianapolis Colts, kwenye nusu fainali. Colts walilalamika kwamba wapokeaji wao walishikwashikwa mechi nzima, na msimu uliofuata waamuzi wakaambiwa waikaze ile sheria ya yadi 5. Kwa hiyo kaka wa mtaani ndiye aliyeharibu maisha ya makonabeki wote waliomfuata, na mdogo wake wa mtaa uleule akaja kucheza chini ya sheria ngumu na kuonekana kama haimhusu. Mimi hilo huwa linanifurahisha sana.

Sekondari ya Aliquippa, fainali ya jimbo ya 2003, Revis peke yake alifunga mara 5. Alikuwa anacheza kila kitu, mpaka kikapu. Akaenda Chuo Kikuu cha Pittsburgh, karibu na kwao. Mwaka 2007 Jets wakapanda kwenye drafti, ile foleni ya timu kuchagua wachezaji wapya wanaotoka vyuoni, kutoka nafasi ya 25 hadi ya 14, kwa kubadilishana na Carolina Panthers, ili wasimkose.

Na sasa jambo ambalo linaeleza maisha yake yote ya kazi: mjomba wake ni Sean Gilbert. Gilbert alikuwa mchezaji wa mstari wa mbele wa ulinzi, mtu wa miraba minne, alichaguliwa wa 3 kwenye drafti ya 1992. Mwaka 1997 Washington, timu yake wakati huo, walitaka kumlipa pesa ambayo yeye aliona siyo. Akakaa nyumbani. Msimu mzima! Hakuvaa jezi hata siku moja. Mwaka uliofuata Carolina wakampa mkataba wa miaka 7 wa dola milioni 46.5. Darrelle alikuwa mtoto wa miaka 12 anaangalia haya yote sebuleni. Mwingine angejifunza uvumilivu. Yeye alijifunza bei.

Rongai Kwetu

Wacha! Mjomba aligoma mwaka mzima? Hapa Kenya ukigoma wiki moja unapata kocha ameshakusahau hadi jina.

Foklifti wa Jersey

Na mpwa naye, hata kabla hajacheza mechi moja, 2007, aligoma kuingia kambini kwa wiki kadhaa mpaka mkataba wa kwanza ulipowekwa sawa. Watu wa New York wakaanza kumchukia wakati hata sura yake hawajaizoea.

Msimu wa 2009 ndio msimu wenyewe. Jets walikuwa na kocha mpya, Rex Ryan, mnene, mwenye maneno mengi, mtoto wa kocha. Mfumo wake wa ulinzi ulikuwa wa kupeleka watu wengi wamkimbize kwotabeki. Ukipeleka watu wengi mbele, nyuma unabaki mtupu. Mwenye nyumba hawezi kwenda shamba na mlinzi wote wawili bila kufunga mlango. Revis ndiye alikuwa kitasa. Ryan alimwambia, wewe chukua mpokeaji wao bora, popote aendapo, msaada usitegemee. Makocha wengi hawathubutu. Kwa kawaida mpokeaji mkali anawekewa watu wawili.

Mechi ya kwanza, Houston. Andre Johnson, ambaye mwaka huo alimaliza akiwa anaongoza ligi nzima kwa yadi za pasi alizodaka. Alipata pasi 4, yadi 35. Wiki ya pili, Randy Moss wa New England, huyo msimuliwe na waliomuona: pasi 4, yadi 24. Terrell Owens, pasi 3, yadi 13. Steve Smith wa Carolina, pasi 1, yadi 5, na siku hiyo Revis akanasa pasi 2 za kwotabeki wao, moja akaikimbiza mpaka golini. Halafu ndio ile ya Ochocinco niliyoiona kwa macho yangu.

Ukizijumlisha pasi alizozipangua mpaka mwisho wa msimu ni 31. Na bado tuzo ya beki bora wa mwaka akapewa Charles Woodson wa Green Bay.

Nahodha Mstaafu

Mkuu nakuheshimu lakini hapo ngoja nikukate kauli. Woodson mwaka ule alinasa pasi 9. Revis 6. Na huyo Revis wako kwa maisha yake yote amenasa pasi 29. Konabeki Deion Sanders 53. Ty Law huyohuyo wa mtaa wao 53. Night Train Lane 68, na mwaka 1952 peke yake alinasa 14, akiwa mgeni wa ligi. 29 ni idadi ya beki wa kawaida. Na hiyo mechi uliyokwenda kupigwa baridi, Bengals walikuwa wameshachukua kundi lao, walikuwa wanamalizia ratiba. Ochocinco aliteleza hata kwenye kupasha.

Foklifti wa Jersey

Nahodha umekuja umejiandaa, nakupa heshima. Nianze na la mwisho. Ni kweli Bengals hawakuwa na cha kupoteza. Lakini siku 6 baadaye, timu hizohizo zilikutana tena Cincinnati kwenye mtoano, anayefungwa anakwenda nyumbani. Ochocinco alipata pasi 2, yadi 28, Revis akanasa moja, Jets wakashinda 24-14. Hapo nako walikuwa wanamalizia ratiba?

Kuhusu 29. Sanders alikuwa anategea. Alimwachia mpokeaji nafasi kidogo kwa makusudi ili kwotabeki ashawishike, kisha anaruka kama paka juu ya dagaa. Ni sanaa, sibishi, na pengine ndiye bora wa wakati wote. Revis hakutega. Alifunga duka. Na ukifunga duka mauzo hayapo. Angalia 2010: Revis alinasa pasi ngapi? Hakunasa hata moja. Msimu mzima sifuri, na bado walimchagua kwenye kikosi bora cha ligi, cha kwanza, kwa sababu waliopiga kura waliangalia filamu ya mechi, wakaona makwotabeki wanageuza shingo upande mwingine. Utaihesabu vipi pasi ambayo haikurushwa?

Lakini nikubali hivi: hoja ya Nahodha ndiyo hoja ya Richard Sherman, konabeki wa Seattle. Februari 2013 walijibizana na Revis Twitter mchana kweupe, Sherman akimringia kwa idadi ya pasi alizonasa. Kwa hiyo hauko peke yako, una kampani nzuri.

Nahodha Mstaafu

Sherman nampenda mdomo wake tu. Sawa, sifuri ya 2010 sikuwa naijua. Endelea na hela.

Foklifti wa Jersey

Hela ndio utamu.

Mwaka 2010 Revis alikuwa alipwe dola milioni 1. Beki bora duniani, milioni 1, wakati Nnamdi Asomugha wa Oakland alikuwa na mkataba wa miaka 3 wa dola milioni 45. Revis akasema mimi nataka kuwa juu ya yule. Jets wakasita. Kambi ikafunguliwa, Revis hayupo. Kibaya zaidi mwaka huo kamera za kituo cha runinga cha HBO zilikuwa kambini zinarekodi kila kitu, kwa hiyo nchi nzima ilikuwa inaona kocha Ryan anamlilia mchezaji wake kama mume aliyeachwa na mke siku ya harusi ya jirani. Siku 36 hakutokea. Mwishowe Ryan na mmiliki wa timu wakapanda ndege hadi Florida kuonana naye uso kwa uso.

Yule mzee wangu pale ghalani ndio nilimshangaa. Shabiki wa kufa, lakini hakumlaumu Revis hata siku moja. Alikuwa na vidole viwili vilivyopinda, aliumia kwenye godoro la mbao akiwa kwa tajiri mwingine kabla ya pale kwetu, akalipwa wiki mbili na kuambiwa apumzike. Aliniambia, "Kijana, goti lake ni lake. Likienda, Jets watanunua goti lingine." Tulikuwa tunakula, mimi na wali wangu wa kopo, sikumjibu.

Revis alisaini mapema Septemba 2010: miaka 4, dola milioni 46. Ikumbukeni ile 46.5 ya mjomba.

Tatizo, mwili haujui mkataba. Hakufanya mazoezi ya kambi. Wiki ya pili wakakutana na Patriots, na kumbuka kabla ya hapo alikuwa amemwita Randy Moss mvivu hadharani. Moss akamkimbia pembeni, mpira ukaja juu, Moss akaudaka kwa mkono mmoja, golini, Revis nyuma yake ameshika paja. Nyama ya paja ilikuwa imevutika. Mzee aliinama akafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa. (Jets walishinda 28-14 lakini hakuna anayekumbuka.)

Mama Junior

Jamani hao Jets walichukua kombe lini sasa?

Foklifti wa Jersey

Dada, unagusa kidonda. Hawakuchukua. Januari 2010 walifika hatua moja kabla ya Super Bowl, wakafungwa na Colts 30-17. Kabla ya hapo, San Diego, kuna tukio sitalisahau: pasi inakwenda kwa Vincent Jackson, wanaanguka wote na Revis, mpira unagonga mguu wa Jackson, Revis yuko chini chali na anaunasa kabla haujagusa nyasi. Kama mtu anayedaka embe lililodondoka akiwa amelala kwenye mkeka. Januari 2011 walifika tena hatua hiyohiyo, wakafungwa na Pittsburgh Steelers 24-19. Timu ya jirani na kwao Revis. Baada ya hapo giza.

Nakwenda haraka sasa maana bosi anazunguka. 2011 alicheza vizuri sana, dhidi ya Miami alinasa pasi akakimbia yadi 100, uwanja mzima. Septemba 2012, huko Miami, ACL, ile kano ya ndani ya goti, la kushoto, ikakatika, bila hata kugongwa. Msimu ukaisha wiki ya tatu.

Aprili 2013 Jets wakamuuza Tampa Bay Buccaneers kwa nafasi za drafti. Hapa ndipo watu husema alichanganyikiwa: Tampa walimpa mkataba wa miaka 6 wa dola milioni 96, milioni 16 kwa mwaka, na dhamana sifuri. Yaani wangeweza kumwacha wakati wowote bila kudaiwa senti.

Rongai Kwetu

Hapo sasa ndio sielewi. Jamaa wa kugoma siku 36 akubali mkataba wa kuachwa bure?

Foklifti wa Jersey

Nilijiuliza hivyohivyo. Lakini pindua. Kama hakuna dhamana, hakuna aliyefungwa. Goti lilikuwa halijapona vizuri, hakuna ambaye angempa dhamana kubwa. Yeye akasema, nilipeni bei ya juu kabisa kwa mwaka, tukichokana kila mtu ashike njia yake. Tampa walishinda mechi 4 wakafungwa 12, kocha akafukuzwa, akaja Lovie Smith na mfumo wake wa mabeki kulinda maeneo badala ya watu. Kumweka Revis alinde eneo ni kununua trekta ukabebe maji ya kunywa. Machi 2014 wakamwacha. Mfukoni ana milioni 16, goti limepona, na yuko sokoni tena.

Aliyempokea? New England Patriots. Kwa shabiki wa Jets ni kama nahodha wako wa Yanga aonekane kwenye picha ameshika jezi ya Simba, anatabasamu. Mimi nilikuwa nimesharudi Dar. Nilimtumia mzee ujumbe, akanijibu baada ya siku tatu, neno moja ambalo mods watalifuta.

Dola milioni 12 kwa mwaka huo, na kipengele cha mwaka wa pili cha milioni 20 ambacho kila mtu alijua Patriots hawatakitumia. Walikuwa wanamkodisha.

Super Bowl ya 49, nilikesha. Kwetu ilianza saa nane na nusu usiku. Patriots na Seattle Seahawks, na upande wa pili yuko Sherman, yule wa Twitter. Robo ya tatu, Seattle wako karibu na goli, Revis anamkaba Doug Baldwin. Baldwin anakatisha katikati, Revis anamfuata, na katikati pale kasimama mwamuzi. Revis anajigonga kwa mwamuzi! Baldwin peke yake, anadaka, bao. Pasi ya yadi 3, ndiyo pekee aliyodaka Baldwin usiku ule. Beki aliyewazima wapokeaji wote wa kizazi chake amekuja kukabwa na refa.

Basi mwisho mnaujua. Seattle wako yadi moja, sekunde chache zimebaki, wanarusha pasi, ananasa Malcolm Butler. Butler naye konabeki, mgeni, hakuchaguliwa kwenye drafti kabisa, alishawahi kufanya kazi mgahawa wa kuku wa kukaanga. 28-24. Nje alfajiri ilikuwa inapambazuka, daladala zimeanza kupiga honi. Revis akapata pete yake, na bao la ushindi likaokolewa na beki ambaye mwaka mmoja nyuma hakuna aliyemjua.

Chapati Mbili

Hiyo ya refa nimecheka hadi mtoto kaamka. Sasa mwisho wake?

Foklifti wa Jersey

Mwisho ni wa kusikitisha na pia ni wa pesa nyingi. Machi 2015 Patriots hawakutumia kile kipengele, Jets wakamrudisha nyumbani: miaka 5, dola milioni 70, na milioni 39 zikiwa na dhamana. Yule aliyekubali dhamana sifuri Tampa, sasa anajua goti limebakiza nini, akachukua dhamana kwanza.

Mwaka wa kwanza alijikongoja. Mechi ya mwisho, Buffalo, ushindi ungewapeleka Jets mtoano, Sammy Watkins akapata yadi 136. Mwaka 2016 kisiwa kikazama. Wiki ya kwanza A.J. Green wa Bengals alipata pasi 12, yadi 180. Bengals walewale. Wiki ya pili, Marquise Goodwin wa Buffalo, mwanariadha wa Olimpiki (aliruka chini London 2012), akampita kwa bao la yadi 84, na kamera, kwa mara moja, ilikuwa kwenye kisiwa. Niliitazama kwenye simu nikaizima.

Jets wakamwacha 2017. Mwishoni mwa mwaka Kansas City Chiefs wakamchukua, mechi 5, kisha mtoano wakafungwa 22-21 na Tennessee baada ya kuongoza 21-3. Watu wa mtandaoni wakamsema kwamba anakwepa kukaba. Julai 2018 akastaafu. Ukijumlisha mishahara yote, zaidi ya dola milioni 120. Mwaka 2023 akaingia Jumba la Heshima mara ya kwanza tu jina lake lilipopigiwa kura. Nahodha, wapiga kura nao wamehesabu sifuri.

Nahodha Mstaafu

Nimenyoosha mikono nusu. Nusu nyingine inabaki kwa Deion. Leta uzi wake tukutane huko.

Rongai Kwetu

Swali la mwisho kabla haujaenda. Je, angecheza leo angelipwa ngapi? Na Jets walijifunza?

Foklifti wa Jersey

Angalia mwenyewe. Mwaka 2022 Jets walichagua konabeki mwingine, Sauce Gardner, wa 4 kwenye drafti. Naye mpira ukawa hauendi kwake. Julai 2025 wakampa miaka 4, dola milioni 120.4. Hiyo ni karibu sawa na alichokipata Revis kwa maisha yake yote ya kazi, kwa karatasi moja. Mzee akanipigia, sasa amestaafu, yuko kwa bintiye, ananiambia safari hii tumepata cha kwetu, hatoki huyu.

Novemba mwaka huohuo, miezi minne haijatimia vizuri, Jets wakamuuza Sauce kwa Colts.

Nilimtumia mzee habari nikidhani hajaiona. Akanirudishia ujumbe wa sauti wa sekunde 40. Nikauweka sikioni nikisubiri lile neno la mods. Hakuna neno. Anacheka tu, mwanzo mpaka mwisho, na nyuma bintiye anasikika anauliza, "Baba, kuna nini?"